Krismasi ya imani na huduma: mishumaa, kibubu, kutembelea wahitaji au kwenda kijijini?

Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba, vimulimuli vinaanza kuwaka kwenye maduka ya Kariakoo na mimi naanza kupata mawazo. "Mwaka huu Krismasi yetu iwe ya kiroho," nasema mezani kwa sauti ya mchungaji mstaafu. Mke wangu anamalizia tonge lake, ananitazama, anauliza: "Sawa, baba watoto. Nani atafanya?"

Swali hilo limetufunza mengi kuliko mawazo yangu. Tangu mtoto wetu wa kwanza aanze shule tumejaribu njia nne za kuirudisha Krismasi kwenye imani na huduma, isiishie kuwa nguo mpya, pilau na kreti ya soda. Sina ugomvi na pilau. Ila kuna mwaka tulifika tarehe 27 tumechoka, mifuko mitupu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mahubiri yalihusu nini. Nikiongea na wazazi wenzangu kanisani naona wengi wamekwama hapohapo: wanataka kuanzisha desturi ya familia, hawajui waanze na ipi. Hizi hapa nne, zote kwa vipimo vilevile.

Vipimo

Imani: ukiondoa jina la Yesu, je, shughuli inabaki ileile? Ikibaki, ni shughuli njema, lakini inaweza kufanyika hata Julai. Huduma: kuna mtu aliyepata nafuu, na ni nafuu aliyoihitaji yeye au tuliyoitaka sisi? Gharama: hela na muda, ukikumbuka kwamba nyuma ya Desemba kuna Januari yenye ada na sare. Mzigo: nani anaamka alfajiri, nani anaosha masufuria? Mara nyingi ni mtu mmoja, na si yule aliyeleta wazo. Halafu, inamfaa nani.

1. Mishumaa ya Majilio nyumbani

Shada la Majilio wengi tunalijua kutoka kanisani: mishumaa minne, mmoja unawashwa kila Jumapili kati ya zile nne za kuingojea Krismasi. Asili yake inanifurahisha. Mwaka 1839 mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini kwenye nyumba ya Rauhes Haus huko Hamburg, Ujerumani, alichoka kuulizwa na watoto Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili. Watoto wakawa wanajihesabia wenyewe. Kabla halijawa pambo la sebuleni, shada lilikuwa kalenda ya watoto wasio na kitu.

Kwetu ni sinia la bati lililojazwa mchanga, mishumaa minne ya dukani kwa Mangi, na majani ya masale kuzunguka. Habari ya masale nitaifikia.

*Imani.* Injili ya Luka ina sura 24, na Desemba mpaka mkesha ina siku 24. Sura moja kila usiku, zamu kwa zamu. Sura ya kwanza ina mistari 80, na hapo ndipo familia nyingi zinakata tamaa. Anzeni siku moja kabla, muigawe mara mbili. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba tarehe 23 unafika msalabani. Majirani wanapiga nyimbo za hori na malaika, kwetu anasulubiwa. Mwanangu wa pili alikasirika kabisa: "Mbona wanamuua na keshokutwa ndiyo anazaliwa?" Hatukuwa na jibu fupi. Tulibaki pale tukizungumza mpaka mshumaa ukaanza kulamba mchanga.

*Huduma.* Hapa ni padhaifu, tusifichane. Hakuna kinachotoka nje ya geti. Kilichotusaidia ni kumtazama aliyekuwa ndani ya geti tayari: dada anayetusaidia kazi alikuwa akisikilizia jikoni, vyombo mkononi. Mwaka wa pili akapewa kiti, Biblia na zamu yake ya kusoma, na vyombo vikasubiri.

*Gharama.* Paketi ya mishumaa na nusu saa. Umeme ukikatika, mshumaa wa Jumapili ya tatu unageuka taa ya jikoni, kwa hiyo nunua na wa akiba.

*Mzigo.* Mwepesi, na unahamishika. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuongoza.

*Inamfaa nani.* Wenye watoto wadogo, wenye hela kidogo, na familia zilizotawanyika. Aliye kazini Muscat, ambako tarehe 25 Desemba si sikukuu, anaweza kusoma sura ileile kwa simu na wa nyumbani wakamsikia. Haimfai anayerudi saa nne usiku kila siku. Huyo ataishia kukuta nta iliyoganda.

2. Kibubu cha Stefano

Tarehe 26 Desemba ni mapumziko Tanzania, Kenya na Uganda, nasi tunaiita Boksing Dei bila kujiuliza. Wanangu waliamini ni siku ya ngumi, na kwa mapambano yanayotangazwa siku hiyo siwalaumu. Kwenye kalenda ya kanisa ni siku ya Stefano. Tunakumbuka alivyopigwa mawe, tunasahau alichaguliwa kufanya kazi gani. Matendo sura ya 6: wajane walikuwa wanarukwa kwenye mgawo wa kila siku, wakachaguliwa watu saba wa kuhudumu mezani, na Stefano ndiye anayetajwa wa kwanza. Mgawa chakula. Ndiyo maana kibubu chetu kinavunjwa siku yake.

Sheria ni moja tu: inaingia hela uliyojinyima, haiingii hela uliyoomba. Soda uliyoiacha, chipsi ulizozipita, bodaboda uliyoitazama ikaondoka ukatembea.

*Imani.* Kibubu bila neno ni mchango, na michango tunayo ya kutosha mjini hapa. Sisi tunasoma Matendo 6 kabla nyundo haijashuka. Ni dakika tano, lakini tukiziruka zoezi zima linageuka hesabu.

*Huduma.* Mwaka wa kwanza tulimwaga sarafu kwenye mkeka, tukazipanga kumi kumi. Katikati ya mia mia na mia mbili mbili kulikuwa na kifungo cha shati, cheupe, matundu manne. Hakuna aliyekiri mpaka leo. Kisha kila mtu akatakiwa kutaja mtu mmoja anayemjua kwa macho, na hitaji aliloliona mwenyewe. Binti yetu akamtaja mama anayeuza vitumbua kwenye kona, kwamba siku hizi ukimpa noti anaisogeza puani ndipo anajua ni ya ngapi, kwa sababu miwani yake imevunjika. Mimi nanunua vitumbua pale kila Jumamosi na sikuwahi kuona. Hela ya kibubu haikutosha, wazazi tukajazia, na mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyempeleka kupimwa macho bila kusema zimetoka wapi.

*Gharama.* Mnajipangia. Anayeweka shilingi 500 kwa siku 24 anafikisha 12,000. Nyumba ya watu watano ni 60,000. Hiyo si hela ya kuvunja Januari.

*Mzigo.* Ni wa watoto, na wanaupenda. Kazi ya mzazi ni moja, nayo ni ngumu: kutokukopa kwenye kibubu tarehe 15.

*Inamfaa nani.* Watoto wa miaka saba na kuendelea mpaka vijana, na nyumba zenye madhehebu mawili, maana Mlutheri na Mkatoliki hawagombani juu ya kibubu. Nyumba ambayo soda yenyewe haionekani mwaka mzima isijilazimishe. Huwezi kumnyima mtoto asichokuwa nacho.

3. Kutembelea wahitaji

Hii ndiyo inayokuja kichwani kwanza, na ndiyo niliyoivuruga kuliko zote. Mwaka mmoja tulipakia gari mchele, mafuta, biskuti, soda na nguo zilizowabana wanangu, tukafika kwenye makao ya watoto saa saba mchana tarehe 25. Tulikuwa kundi la tano siku hiyo. Watoto wakapangwa mstari, wakatuimbia wimbo wa kukaribisha wageni kwa sauti za watu waliokwisha kuuimba mara nne. Mmoja, kama miaka sita hivi, alikuwa ameshika sahani ya pilau kwa mikono miwili. Hali, wala haiweki chini. Ameshiba na hajui aipeleke wapi. Nikapiga picha. Tunaondoka, mama mlezi akanishika mkono akasema kwa upole: "Asante sana, baba. Ila mkijaliwa, mje Februari. Februari hatupati mgeni."

Ile picha niliifuta kabla hatujafika nyumbani.

*Imani.* Mathayo 25 imeandika wazi: mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, mfungwa. Mtoto akienda mara moja anaelewa kuliko kwa mahubiri kumi. Hatari ni kurudi nyumbani tukijiona wakombozi, na hilo haliwapati watoto, linatupata sisi wazazi.

*Huduma.* Inaweza kuwa kubwa kuliko njia zote, kwa sharti la kuuliza kwanza. Hospitali ya serikali, nenda ofisi ya ustawi wa jamii. Wao wanajua nani amelazwa bila ndugu na mama gani kajifungua hana hata khanga ya pili. Gerezani kunahitaji kibali, na njia nyepesi ni kuungana na kikundi cha kanisa kinachokwenda mwaka mzima. Huko sabuni na dawa ya meno vina thamani kuliko keki. Kwa wazee wanaoishi peke yao, mchele ni mzuri, lakini saa moja ya kukaa na kusikiliza habari za miaka ile ndiyo wanayoisubiri. Na simu ibaki kwenye gari. Mtoto wa mwenzio si mandhari ya picha yako.

Baada ya yale ya Februari tulitafuta tarehe yenye maana, tukaipata palepale kwenye kalenda. Tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Krismasi, kanisa linakumbuka Yesu alivyopelekwa hekaluni, na waliompokea ni wazee wawili, Simeoni na Ana mjane. Sasa tunatembelea wazee siku hiyo au Jumapili iliyo karibu nayo. Watu wanatushangaa, "Krismasi ya Februari?" Tunakubali tu.

*Gharama.* Mafuta ya gari, vitu vya kupeleka, siku nzima. Ukienda mikono mitupu usijione mkosefu, ila piga simu mapema.

*Mzigo.* Mkienda tarehe 25, yule aliyekesha akipika chakula cha nyumbani ndiye huyohuyo anayepika cha kupeleka. Mkihamisha siku, mzigo unapungua nusu.

*Inamfaa nani.* Vijana wa sekondari, na familia yenye mtu anayeijua sehemu hiyo tayari, awe muuguzi, mwalimu au mwanakikundi. Watoto chini ya miaka mitano wodini hapana. Wanachoka, wanalia, wanashika kila kitu.

4. Kwenda kijijini

Kwetu sisi Wachaga, Desemba ni kupanda mlima. Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, kila barabara ya vumbi inajaa magari yaliyotoka Dar. Wengine ni Bukoba, wengine Mbeya, na Kenya utawakuta wanaelekea Kisii na Kakamega. Kama ni lazima mwende, swali ni jinsi ya kuifanya safari yenyewe iwe ibada.

*Imani.* Wanangu walikuwa wanaijua hori ya kwenye pango la kanisani, safi, yenye nyasi kavu na mtoto wa plasta. Fransisko wa Asizi alipotengeneza hori lake kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223 alitaka nyasi za kweli, ng'ombe na punda, watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Yesu. Nyumbani kwa bibi yao ng'ombe hafunguliwi, analetewa majani bandani. Binti yangu akaingiza mkono kwenye hori, gogo lililochongwa, kingo zimelainika kwa ulimi wa ng'ombe, ndani migomba iliyokatwakatwa. Akautoa haraka. "Baba, kumbe lina mate!" Jioni tuliposoma Luka 2 hakuna aliyesinzia.

Halafu yale masale. Kwetu jani la sale ni jani la amani. Aliyemkosea mwenzake humpelekea, na kulikataa ni jambo zito. Desemba ndipo ukoo unapokaa, na ndipo magomvi ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, yanapofumuka. Baba zangu wadogo wawili hawakuwa wanasalimiana kwa ajili ya mpaka wa migomba michache. Mwaka mmoja, asubuhi ya Krismasi, mdogo alikwenda kwa mkubwa na sale mkononi kabla kengele ya kanisa haijalia. Waliingia ibadani pamoja wamechelewa, kwaya imeshaanza kuimba. Tangu hapo masale yapo kwenye shada letu la Majilio huku Dar.

*Huduma.* Wapo wanaosema kumhudumia bibi yako si huduma, ni wajibu. Mimi naona kubadilisha bati linalovuja jikoni kwake na kumpeleka kliniki ya macho ni bora kuliko zawadi ya blanketi la nne. Lakini kila kijiji kina nyumba ambayo hakuna gari linaloingia Desemba. Watoto watume huko sahani, na mmoja wa wakubwa aende kukaa.

*Gharama.* Ndiyo nzito kuliko zote. Nauli, mbuzi wa ndafu, zawadi za shangazi, michango ya kanisa la nyumbani, na mashindano ya gari la nani ni jipya, ambayo hayaandikwi popote. Mbege nayo, pombe yetu ya ndizi, ikianza saa nne asubuhi, inameza ibada ya jioni.

*Mzigo.* Hapa lile swali la mke wangu ndipo linapouma. Mwaka wa kwanza alipika siku tano kwa watu thelathini, huku wanaume tumekaa chini ya mgomba tukijadili, kwa unyenyekevu mkubwa, maana ya utumishi. Mwaka uliofuata alisema haendi. Tulikubaliana zamu: wanaume wanachinja, wanaosha masufuria yote, na siku ya pili wanapika wao. Mtori wetu ulikuwa na mabonge. Ulilika.

*Inamfaa nani.* Wenye wazazi au bibi na babu wangali hai, na watoto wanaowajua ndugu zao kwa picha za simu tu. Mwenye madeni ya Januari asikope kwa ajili ya safari. Atume kitu kidogo, aende Pasaka, nauli zikiwa zimepoa.

Kwa hali yako

Kama hela hakuna kabisa, washeni mishumaa. Hata mmoja.

Kama una vijana wanaotoa jibu la neno moja bila kuinua macho kwenye simu, usiwaite kwenye masomo ya kila usiku. Wape kibubu na mamlaka ya kuamua, au waachie wao wapange ziara na kupiga simu wenyewe. Wakipanga wao, wataamka.

Kama wazazi wako wamezeeka, kijiji kitangulie mengine, hata ikiwa ni mwaka mmoja kwa miwili. Mwaka ambao hamwendi, kibubu kiende badala yenu.

Kama mmoja wenu ni muuguzi, askari au dereva wa basi, Krismasi yake iko kwenye zamu, na nyumba ikilazimisha tarehe 25 kila mwaka atakuwa anaikosa yeye tu. Chukueni tarehe 26 ya Stefano au ile 2 Februari.

Kama mnaishi mtaa wa Waislamu wengi, kama wengi wetu Dar, Tanga na Mombasa, kuna desturi mnayo tayari bila kuiita desturi: sahani ya jirani. Mwombeni jirani Mwislamu awachinjie kuku asubuhi, ili chakula kinachotoka nyumbani kwenu kila mtu mtaani aweze kukila. Watoto wapeleke wenyewe, wasimame mlangoni, wasalimie vizuri. Kwenye Idd sahani itarudi, na haitarudi tupu.

Msianze zote mwaka mmoja. Mimi nilijaribu, na ndiyo ule mwaka wa tarehe 27 niliousema. Chukueni moja, ipite miaka miwili, muone nani analalamika na nani anaikumbusha mwenyewe.

Na kama mwaka huu mmezika, msianze chochote. Tulipompoteza baba tulikuwa na mishumaa minne, tukawasha mmoja. Mama alisoma Luka 2 mpaka mahali alipoweza, dada wa kazi akapokea Biblia akamalizia, tukaenda kulala.